Mahameli ya Fundi Breki

Pale hospitalini alikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa kwenye kitambulisho, na hata karani wa mishahara halikumbuki bila kufungua faili. La pili lilikuwa Subiri Kidogo, na hilo alilijua kila mtu, kuanzia mganga mkuu hadi mfagiaji wa lango la nyuma.

Alilipata kwa haki. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mpokea simu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na dari yake iliinama kwa kuifuata ngazi, hivyo mtu mrefu akiingia huinamisha kichwa kama anayeomba radhi. Humo mlikuwa na meza, mtambo wa simu wenye taa ndogo nyekundu, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na orodha ya namba za ndani iliyobandikwa ukutani, ambayo yeye hakuihitaji. Namba zote mia mbili na kumi zilikuwa kichwani. Alijua daktari gani hapokei simu kabla ya chai, na wodi gani simu yake ikiita mara saba basi muuguzi yuko peke yake. Taa ikiwaka, anabonyeza, anasikiliza, anasema, "Subiri kidogo," na kumuunganisha mtu na anayemtafuta. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina pupa, hata aliyepiga simu akilia hujikuta ametulia walau kwa ule muda wa kungoja.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Huko hakuwa na subira hata ya kuacha chai ipoe. Mama yake, aliyeishi naye ghorofa ya tatu katika vyumba viwili na kibaraza, alizoea kusema, "Huyu subira yote anaimalizia kazini. Hapa analeta maganda." Mama alikuwa na miaka sabini na tisa. Alishona sare za shule maisha yake yote, na sasa miguu ilikuwa imechoka, ila ulimi ulikuwa bado una mbio. Subiri Kidogo mwenyewe alikuwa amegonga hamsini na mbili. Aliwahi kuolewa, miaka minne, wakaachana bila mtoto na bila matusi, akarudi kwa mama yake na sanduku lilelile aliloondoka nalo.

Mambo ya mimea yalimwanzia kliniki ya macho. Mtu fulani alileta okidi akaiweka kwenye meza ya mapokezi, nayo ikakaa miezi mitatu haijanyauka. Subiri Kidogo akawa kila mapumziko anapita kuitazama. Siku ua la mwisho lilipodondoka, alimkuta mfanyausafi akiitumbukiza kwenye pipa.

"Lakini kizima hicho!" alisema.

"Dada, ua si limekwisha?" mfanyausafi akajibu, na kufunga kifuniko.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Kwa wiki kadhaa, simu zikipungua, alisoma kuhusu okidi. Akasoma za misituni, za milimani, na zile zinazokaa juu ya miti bila punje ya udongo, mizizi inaning'inia hewani na kunywa umande. Hizo ndizo zilizomteka. Akapata kitalu kimoja cha nchi nyingine kinachotuma mimea kwa posta, akaagiza okidi ya zambarau ya kutundika. Mpaka boksi linafika, alikuwa anajua habari za mizizi ya okidi kuliko watoto wengi wanavyojua habari za shangazi zao.

Boksi halikufika kwa wakati. Lilikwama ghalani siku tisa, kwanza kwa mapumziko marefu ya wikiendi, halafu kwa karatasi moja iliyokosa muhuri. Alipokabidhiwa, pembe moja ilikuwa imebonyea na upande wenye mshale wa juu ulikuwa chini. Alilifungulia mezani jikoni, mama yake akiwa pembeni na mkasi wake wa kushonea, ule mzito ambao hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuugusa.

Yakatoka magazeti yaliyolowa. Ikatoka pamba. Ikatoka harufu kama ya kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa. Mwisho ukatoka mmea, na mmea wenyewe haukuwa okidi. Ulikuwa na majani matatu tu: moja limevunjika shingo, moja limegeuka njano, na la tatu limejikunja kama mtu anayeona baridi. Mizizi ilikuwa imefungwa kwenye donge la kuvumwani, zile nyuzi laini za kijani zinazoshika maji. Jani lile lililojikunja lilikuwa la kijani kizito chenye mishipa myeupe, na lilikuwa laini ajabu.

Mama alilipapasa kwa kidole gumba na cha shahada, jinsi anavyopapasa kitambaa dukani. "Hii mahameli," alisema. "Nimeshona mapazia ya mahameli, siwezi kuikosea."

"Mama, mimi nimeagiza okidi."

"Basi umeletewa pazia."

Alimwandikia muuzaji palepale. Jibu lilikuja kesho yake, limejaa samahani. Siku ile yalitoka maboksi mawili ya nchi moja, na vibandiko vya anwani vilipishana. Okidi yake ilikuwa imekwenda kwa mteja mwingine, mji wa mwendo wa siku nzima kutoka pale. Muuzaji alikuwa amemwomba mteja huyo ruhusa, na hii hapa namba yake. Wabadilishane, gharama ni juu ya kitalu.

Ajabu ni kwamba Subiri Kidogo, aliyekula miaka yote ile kwa simu, alikata mara mbili kabla haijaita. Upande wa pili palikuwa na kelele za nyundo na mtambo wa kujaza upepo.

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito, imejaa kifua.

"Nimepewa namba yako na muuzaji wa mimea, kaka. Nadhani mmea wangu uko kwako."

"Subiri kidogo," mwanamume yule alisema, akaiweka simu mahali.

Subiri Kidogo alibaki ameshika simu, anasikia spana ikianguka na mtu akiulizwa bolti za mbele ziko wapi. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoambiwa neno hilo yeye. Akajikuta anacheka peke yake.

"Haya, dada, nimerudi. Mimi fundi breki, hapa pana kelele. Sasa niambie: hiki kitu chako kina udongo au hakina? Nimefungua boksi nimekuta mizizi mitupu kama nyaya za gari bovu. Nikasema hapa nimepigwa."

"Hakina udongo, kaka. Hutundikwa tu penye hewa. Usije ukakipanda, tafadhali!"

Fundi akakohoa.

"Kaka?"

"Nimeshakipanda."

"Tangu lini?"

"Jana. Kwenye ndoo. Nimeshindilia vizuri kabisa."

"Kitoe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nipo, nasubiri."

Alisubiri. Fundi akarudi anahema, akasema kimetoka, mzizi mmoja umekatika, mingine ina matope. Subiri Kidogo akamwelekeza: aisuuze kwa maji yasiyo baridi, mzizi uliokufa utakuwa mtupu ukiubinya, akate huo tu, mweupe na mgumu auache. Kisha akining'inize kivulini penye hewa, na kila asubuhi akichovye mizizi kwenye maji kwa robo saa. Aliyasema yote kwa sauti ileile ya kazini, na fundi akawa anaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mgonjwa anayehesabiwa vidonge.

"Na changu kikoje?" fundi aliuliza mwishowe.

Akamweleza. Hapo ndipo zamu ilipogeuka, maana naye fundi alikuwa amesoma kuhusu mahameli miezi mizima na alikuwa hajui lolote la okidi. Kila mmoja alikuwa amesomea mgonjwa wa mwenzake.

"Usikitie kwenye chungu kikubwa," alisema. "Usikiweke juani. Jani la njano liache lijifie lenyewe, bado kuna kitu kinanyonywa humo. Kifunike na mfuko wa plastiki unaoona ndani, toboa matundu mawili matatu. Mbolea usiitaje mpaka kitoe jani jipya. Na maji, dada, mpaka lile donge likauke juu."

"Nilidhani nikutumie kesho, kila mtu apate chake."

"Hapana. Gari likitoka safari ndefu limechemka, ukifungua rejeta papo hapo linakubabua uso. Liache lipoe kwanza. Hivi vitu vikipanda tena gari wiki hii, havifiki."

Wakakubaliana miezi miwili. Kila mtu auguze cha mwenzake, kikisimama ndipo wabadilishane.

Kuanzia siku hiyo simu ilikuwa ikilia kila jioni, saa kumi na mbili, fundi akishanawa na yeye akishavua viatu. Walitumiana picha. Fundi alikuwa ameitundika okidi kwenye boriti ya karakana kwa waya wa breki ya mkono, mbali na moshi wa magari, na wenzake walikuwa wameshaanza kumwita mganga wa mizizi. Yeye hakujali. Alihesabu ncha za mizizi kama anayehesabu bolti: tano kijani, mbili bado.

Mama alikuwa akisikiliza yote kutoka kwenye kiti chake.

"Mwanamume gani anapiga simu kila jioni kuulizia jani?"

"Mama, anaulizia jani."

"Hata marehemu baba yako alianza kwa kuulizia njia ya kwenda posta. Na posta ilikuwa nyuma yake."

Subiri Kidogo alijifanya hakusikia. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuangalia saa inapokaribia kumi na mbili, na alikuwa anaila picha ya okidi kwa macho muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Wiki ya tatu mahameli ilianza kwenda kombo. Jani la njano lilidondoka, hilo lilitarajiwa. Lakini lile lililovunjika shingo nalo likaondoka, na lile la tatu, zuri, likawa na doa jeusi ukingoni lililokua kila siku. Aliingiza kidole kwenye donge: limelowa chapachapa. Yeye alikuwa amemwagilia mara mbili tu katika siku zote hizo. Akahamisha mmea kutoka dirishani hadi juu ya kabati, akaongeza matundu kwenye mfuko, akafikiri labda ni hewa ya mvua. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Jibu alilipata siku aliyobadilishana zamu na mwenzake, akarudi nyumbani mchana. Alifungua mlango akamkuta mama amesimama jikoni, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, mwingine una kikombe, anamimina maji polepole kwenye mahameli, mdomo unamsogea kana kwamba anaibembeleza.

"Mama!"

Mama hakushtuka. Alimalizia kikombe. "Mgonjwa haulizwi uji," alisema.

"Unafanya hivyo tangu lini?"

"Tangu kilipofika. Asubuhi ukishaondoka, na mchana. Ni maji yaliyochemshwa yakapoa, sijakipa ya bomba."

"Kila siku?"

"Sasa wewe uko kazini, nani anakiangalia? Kilikuwa kinalia. Nimekiona kwa macho yangu, tone la chozi kwenye ncha ya jani. Ningekaa tu?"

Subiri Kidogo akavuta kiti akakaa. Aliwahi kusoma mahali: mmea ukizidiwa na maji hutoa yale ya ziada kwa ncha ya jani. Mama alikuwa ameona dalili ya maji mengi, akaongeza maji. Alitamani kufoka, na maneno yalikuwa tayari yamefika kooni, lakini alimtazama mama amesimama pale kwa miguu iliyovimba, ambaye alikuwa anaacha hata kujipikia chai kwa uvivu wa kuinuka, kumbe mara mbili kwa siku alikuwa anainuka kwa ajili ya jani. Akainuka, akampisha kiti.

"Kaa chini, Mama," alisema. "Nitalitazama."

Jioni ile simu ilipolia alisema, "Kinaendelea." Kesho yake akasema, "Kinaendelea vizuri tu," na picha akatuma ya wiki iliyopita. Hakuwa mzoefu wa uongo, na uongo huu ulimkera kwa sababu aliujua. Kazini alikuwa hasikilizi mazungumzo ya watu, si ruhusa, lakini neno la kwanza hulisikia hata usipotaka. Muuguzi akijibu "anaendelea" kwa namna ile ya kukata maneno, mtu wa upande wa pili anapaswa kuanza kutafuta gari la kumleta amwone mgonjwa wake. Sasa sauti hiyo ilikuwa inatoka kinywani mwake.

Siku ya tatu fundi hakuuliza habari za jani.

"Dada," alisema, "breki ikianza kwisha, inatoa sauti ndogo sana. Mwenye gari haisikii. Mimi nalipwa kuisikia. Kuna nini huko?"

Akavuta pumzi. "Kimeoza, kaka. Nimekimwagilia kupita kiasi. Nisamehe."

"Mwongo huyo!" mama alisema kutoka kwenye kiti. "Lete hiyo simu."

"Mama, acha."

"Lete! Mficha maradhi, kilio humfichua." Akainyakua. "Wewe kijana, unanisikia? Huyu hajamwagilia kitu. Ni mimi mama yake."

Halafu sauti nzito ikasema, kwa adabu zote, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni mimi niliyekiua. Nilikiona kinalia."

"Mama, mimi cha kwake nilikizika kizima kwenye ndoo nikashindilia kwa buti. Tusilaumiane. Hebu mwambie atazame shina. Libonyeze kwa ukucha, sehemu zote. Kuna mahali pagumu?"

Walibonyeza. Chini palikuwa pameoza, pamelegea. Juu kidogo, kwa urefu wa kidole kimoja, palikuwa bado pagumu kama penseli, na katikati ya kipande hicho palikuwa na fundo dogo.

"Basi kuna gari hapo," fundi alisema. "Tunakata."

Upasuaji ulifanyika Jumamosi asubuhi, mezani, juu ya gazeti, simu imeegemezwa kwenye sufuria na fundi anaelekeza. Subiri Kidogo alikuwa ameomba spiriti kidogo kwa wauguzi wa wodi ya majeraha. Alipoushika mkasi, aliupeleka chini ya fundo, akaurudisha juu. Mama akamwangalia mara moja, akanyoosha kiganja. "Nipe. Mimi nimekata vitambaa ambavyo ukikosea sentimita moja, mtoto wa mtu haendi shule."

Alifuta makali kwa spiriti, akashika shina kwa vidole viwili, akakata mara moja. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia. "Panda juu kidogo, mama," fundi alisema. Akakata tena, alama ya kahawia ikabaki kama nukta. Akakata mara ya tatu, pakatoka peupe, pabichi, safi. Jani la mwisho nalo likaondolewa, maana lingenyonya nguvu ambayo shina halikuwa nayo. Wakapaka jeraha unga wa mkaa, wakaliacha likauke hadi alasiri, kisha wakalilaza shina juu ya kuvumwani iliyokamuliwa hata haidondoki, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko. Ule mmea uliovuka mipaka sasa ulikuwa kipande cha kijiti ambacho mtu angeweza kukichokolea sikio.

Chombo kikakaa juu ya friji, penye joto kidogo. Mama akapewa kazi: kila asubuhi atazame kama kuna mvuke kwenye kifuniko. Ukiwapo, asiguse. Usipokuwapo, asiguse vilevile, ila ampigie mwanawe hospitalini. Kwa kuwa amepewa madaraka, akawa mkali kuliko wote. Jirani mmoja alipokuja kuomba kibiriti akainua kifuniko kuchungulia, aliambiwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Wiki mbili hakuna kitu. Wiki nne hakuna. Miezi miwili waliyokubaliana ikapita, fundi akasema yeye hana haraka. Kwake okidi ilikuwa imetoa mizizi miwili mipya, minene, yenye ncha za kijani kibichi, na jani jipya lilikuwa linachungulia katikati. Subiri Kidogo alifurahi, kisha akaona aibu kufurahi. Mgonjwa wake alikuwa amepona mikononi mwa mtu, na wa mtu alikuwa kijiti mikononi mwake. Jioni nyingine alitaka kukitupa na kumwagizia mwingine. Akakitoa, akakibonyeza kwa ukucha. Kigumu. Akakirudisha.

Wiki ya saba tangu upasuaji taa ya mtambo iliwaka, akabonyeza. "Hospitali kuu, habari za asubuhi."

"Ni mimi," mama yake alisema. "Kimeota chunusi."

Ilikuwa kweli. Kwenye lile fundo palikuwa na uvimbe kama punje ya dengu, na chini yake uzi mweupe wa mzizi ulikuwa unatafuta njia. Baada ya siku kumi ule uvimbe ulifunguka, likatoka jani limejikunja kama ncha ya kalamu, jekundu kidogo. Lilipokunjuka lilikuwa na ukubwa wa stempu, lakini lilikuwa mahameli, na mishipa yake myeupe ilikuwa imechorwa yote kamili. Fundi alipotumiwa picha hakungoja jioni. Alipiga simu akawa anacheka tu, na nyuma yake mtu akauliza kama ameshinda bahati nasibu.

Mwezi wa tano tangu boksi lifike, mahameli ilikuwa na majani matatu na iko kwenye chungu kidogo. Fundi akasema hamwamini tena mtu wa posta. Atakuja mwenyewe Jumapili, ataleta okidi na kuchukua chake.

Jumapili hiyo mama aliamka mapema akataka nyumba ifagiliwe mara mbili. Subiri Kidogo alivaa gauni la kijani ambalo lilikuwa halijatoka kabatini tangu harusi ya binamu yake. Kwa ajili ya kupokea okidi lilikuwa limezidi, naye alilijua hilo, akalivaa.

Hodi ilipopigwa, mlangoni palikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamume mfupi, mwembamba, wa miaka sitini hivi, amebeba ndoo ambayo ndani yake okidi ilikuwa imening'inizwa kwenye fito mbili. Ile sauti nzito sijui aliiweka wapi katika mwili ule. Mwingine alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mwalimu wa hesabu, mkewe.

"Nimesema lazima nije," mwalimu alisema, akimkumbatia Subiri Kidogo kabla hajakaribishwa. "Miezi mitano kwangu hakuliwi chakula cha jioni mpaka jani lijadiliwe. Nikasema huyo dada wa mizizi nimwone kwa macho."

Mama, kwenye kiti chake, alimtazama mwanawe, kisha akaitazama ndoo. Subiri Kidogo aliwakaribisha, akaenda jikoni kuinjika chai, akasimama mbele ya jiko muda mrefu kuliko chai ilivyotaka. Fundi hakuwahi kusema hana mke. Ni kwamba yeye hakuuliza, na walipokuwa na majani ya kuongelea, mambo ya nyumba hayakupata nafasi. Hakuna aliyemdanganya. Alilirudia hilo mara mbili, akapanga vikombe vinne kwenye sinia, akatoka.

Chai ikanywewa. Mwalimu aligeuka kuwa mtu wa kuchekesha, na kabla ya kikombe cha pili alikuwa anamfundisha mama namna ya kukuza maandishi kwenye simu. Fundi alikuwa amesogea dirishani kwenye mahameli. Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Akaomba mahali pa kunawa. Alinawa kwa sabuni mara mbili, akajifuta, akavitazama vidole: ile mistari myeusi ya oili ilikuwa bado imo ndani ya ngozi, na isingetoka tena maisha yake yote. Basi akaligusa jani kwa mgongo wa kidole.

"Kazini kila ninachoshika kinaniachia alama au nakiachia mimi," alisema bila kugeuka. "Nikakiona hiki kwenye simu, nikakipenda tu. Watu wananiuliza cha nini. Mtu hawezi kupenda kitu?"

"Anaweza," Subiri Kidogo alisema.

Waliondoka alasiri, mahameli imo ndani ya boksi lenye matundu, imepakatwa na mwalimu. Mlangoni fundi alimshukuru mama kwa kukata, na mama akamjibu kwamba mkasi ndio uliokata. Walipokwisha kushuka ngazi, mama alimtazama mwanawe aliyesimama na gauni lake la kijani.

"Njoo ukae," alisema. Hakuongeza neno, na kwa mama yule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Subiri Kidogo aliitundika okidi kibarazani, upande usiopigwa na jua la mchana. Wiki ya kwanza ilidondosha jani la chini, kwa sababu ya safari. Hakushtuka. Simu haikukatika, ila ilipungua ikawa Jumatano na Jumapili, na mara nyingi aliyepiga alikuwa mwalimu, anataka kujua miguu ya mama, habari za kazi, na mwisho ndipo anampa mumewe dakika tano za mizizi. Mwezi wa pili baada ya ugeni ule ilifika picha: mahameli kwenye kabati la sebuleni, jani la tano ni kubwa kama sahani, na pembeni kiganja cha mwalimu kimewekwa kama kipimo. Chini fundi alikuwa ameandika kwamba la sita limeanza, na aliuliza okidi imefikia wapi.

Akatoka kibarazani kuhesabu. Mizizi tisa hai, minne ikiwa mipya. Ua, bado. Akamwandikia hivyo hivyo, akaenda kuoga, kwa kuwa kesho yake alikuwa zamu ya asubuhi.